MBU ANAPENDA MAJI SAFI



Safari hii tunaandika juu ya mbu. Tunajua wengine watacheka na kusema: mbu tena? Nani hamjui mbu katika Lubumbashi? Hata sisi tulifikiri tunamjua. Ndiyo sababu tunaandika, kwani tulikuwa tunapigana naye mahali ambapo hayuko, na mahali alipo tulipita kila siku tukienda kwenye ibada.

Munakumbuka mambo ya mwaka huu. Mvua ilipoanza mwezi wa Novemba, sisi makapita tulipanga salongo ya kila Jumamosi kusafisha mifereji nyuma ya jiko na bafu. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza na wa pili ndio walioshika majembe. Matope yalinuka, wengine walitapika, na yule aliyekimbia salongo tulimwandika kwenye daftari. Tulisema: mfereji ukiwa mchafu mbu anazaa, mbu akizaa malaria inakuja. Maneno yalisikika kuwa ya akili. Mwezi wa Januari malaria ikaingia dortwarini kuliko mwaka uliopita. Ndugu yetu mmoja wa mwaka wa kwanza alipelekwa hospitali usiku, akisema maneno yasiyoeleweka na hawatambui hata wenzake wa kitanda cha jirani. Mungu asifiwe, alirudi mwezi wa Machi, amekonda. Yeye alikuwa mmoja wa wale waliosafisha mifereji vizuri kabisa, bila kunung'unika.

Basi siku moja mwanafunzi mmoja akatuuliza mbele ya watu wote: "Shi tulisafisha mifereji yote? Sasa hii imbu inatoka wapi?" Hatukuwa na jibu. Tukamwendea mwalimu wetu wa biolojia, naye hakujibu kwa maneno. Alitupa kikombe cheupe na sahani nyeupe, akasema: nendeni mukachote maji, kwanza mferejini, halafu kwenye mashimo ya matofali nyuma ya kanisa, mulete hapa tuangalie.

Tulikwenda tukirudi tunabishana. Maji ya mferejini yalikuwa meusi, na ndani yake wadudu wadogo wengi wakipanda na kushuka. Tukasema, si munaona, njo hawa. Maji ya shimo yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, hayanuki kitu, mtoto angeweza kuoga humo, na wanaoga. Tulifikiri hamna kitu. Mwalimu akasema ngojeni, musitikise sahani. Maji yalipotulia tuliona vijiti vyembamba kama vipande vya majani makavu, vimelala juu kabisa ya maji, sambamba na uso wa maji. Tukivigusa na ncha ya kalamu vinakimbia kinyumenyume.

Hiyo ndiyo alama ambayo kila mmoja wenu anaweza kuitumia bila darubini. Mtoto wa mbu wa kawaida, yule ambaye wataalamu wanamwita Kuleksi, ana bomba refu mkiani la kuvutia hewa. Kwa hiyo ananing'inia kichwa chini, mkia juu, kama popo. Mtoto wa mbu wa malaria, yaani Anofelesi, hana bomba hilo, anavuta hewa kwa mgongo, basi lazima alale sawasawa na uso wa maji. Wakikua pia wanatofautiana. Kuleksi akitua ukutani mwili wake unalala sambamba na ukuta. Anofelesi anainua makalio juu na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesukuma toroka lililokwama matopeni.

Na ni Anofelesi peke yake anayeleta malaria kwa mtu. Yule wa mferejini anatuuma usiku, anapiga kelele sikioni, anatunyima usingizi, lakini malaria yake hakuna. Tuliwatesa wadogo wetu kwa ajili ya mbu asiye na kosa hilo.

Tusije tukaeleweka vibaya. Mfereji mchafu ni mbaya kwa sababu nyingine nyingi, kuhara na kipindupindu havitanii, na Kuleksi mwenyewe si mtakatifu kila mahali. Kule pwani, katika Tanga na Unguja, ndiye anayesambaza vijidudu vya matende, ugonjwa ule wa kuvimba miguu kama ya tembo, na anazaliwa katika vyoo vya shimo vyenye maji. Mwaka 1988 katika kijiji cha Makunduchi, Unguja, watu walimwaga ndani ya vyoo chembe nyeupe nyepesi za plastiki, zile zinazofanana na ganda linalofungia televisheni mpya. Zinaelea, zinafunika maji yote, mtoto wa mbu hapati hewa. Pamoja na dawa waliyopewa wanakijiji wote, ugonjwa ulishuka sana. Wale walimjua adui yao na maji yake. Sisi tulichukua adui wa wengine.

Sasa turudi kwenye mashimo yetu. Mbona Anofelesi anapenda pale?

Katika Katanga Anofelesi wa kuogopwa zaidi ni wawili. Wa kwanza ni gambie. Huyu anatafuta maji mapya ya mvua, ya chini, yasiyo na majani, yanayopigwa na jua. Shimo la matofali, alama ya gurudumu la lori, unyayo wa ng'ombe, hata alama ya buti katika udongo mgumu, vyote vinamtosha. Kwa nini mapya? Kwa sababu maji ya zamani yana wenyewe. Dimbwi lililokaa miezi linakuwa na vyura, watoto wa kerengende, samaki wadogo, na hao wanakula watoto wa mbu kama sisi tunavyokula inshwa mvua ya kwanza ikinyesha. Shimo jipya halina adui yeyote. Jua linapasha maji moto, vijani vidogo visivyoonekana kwa macho vinaota haraka, mtoto wa mbu anakula na kukua. Toka yai mpaka mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi na nne hivi, kadiri ya joto. Yaani shimo linaweza kutoa kizazi kizima kabla hata hatujamaliza mitihani ya kipindi.

Na hapa inabidi tuseme juu ya kichuguu. Mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa kichuguu ni nini. Vingine vinapita metre tano kwenda juu, na kuvikuta ni lazima, kila lupangu lina chake au lilikuwa nacho. Udongo wake ni mfinyanzi, mchwa wameutoa chini sana na kuushikamanisha kwa miaka na miaka. Ndio udongo mzuri wa matofali, kila fundi anajua. Basi toka mwezi wa Mei, mvua ikiisha, watu wanavunja kichuguu, wanachanganya udongo na maji, wanapiga matofali, wanayakausha, wanajenga tanuru na kuyachoma kwa miti. Kichuguu kikiisha wanaendelea kuchimba kwenda chini. Mwezi wa Oktoba kazi inakwisha kwa sababu mvua iko karibu. Pale palipokuwa mlima panabaki shimo.

Halafu mvua inakuja. Udongo ule ule unaofanya tofali kuwa gumu unafanya shimo lishike maji. Mahali pengine maji ya mvua yanaingia ardhini kwa siku mbili tatu. Katika shimo la kichuguu yanakaa majuma. Hakuna jani, hakuna kivuli (miti ilikwisha kwenye tanuru), hakuna chura. Kama mtu angeomba kazi ya kumjengea gambie nyumba ya uzazi, asingeweza kufanya vizuri zaidi. Tena anaijenga karibu na watu, kwa sababu nani anapiga matofali mbali na mahali anapojenga?

Mashimo nyuma ya kanisa letu yalichimbwa kwa ajili ya darasa jipya. Waliochimba ni mwaka wa tano wa wakati ule. Ndio sisi, mwaka wa sita wa leo. Tulifanya kazi ile tukiimba, na darasa ni zuri, hatujutii. Lakini hakuna aliyewaza juu ya shimo.

Wa pili anaitwa funesti, na jina lake kwa Kilatini linahusu mauti. Huyu hapendi dimbwi tupu. Anataka maji yanayokaa, yenye majani na matete pembezoni, kivuli kidogo: bwawa, kingo za kijito kinachokwenda polepole, visima vya bustani vilivyoachwa vikaota majani. Munajua bondeni kwa mama zetu wanaolima lengalenga na matembele, wanachimba visima vifupi kati ya matuta ili kumwagilia wakati wa ukavu. Gambie akipungua kwa sababu mvua imekwisha, funesti bado yuko. Ndiyo maana malaria haiishi kabisa mwezi wa Mei, ingawa watu wanasema "ni baridi, mbu wamekufa."

Juu ya baridi iko neno la kusema, na hapa mji wetu una habari ambayo hata wengi wa chuo kikuu hawaijui, ingawa ilitokea upande wao.

Mbu hazaliwi na malaria. Hili ni jambo ambalo wengi wetu hatukulielewa. Anatoka majini akiwa safi. Dume hanywi damu kamwe, anaishi kwa utamu wa maua. Jike anahitaji damu ili mayai yake yakomae, basi anauma, anatua ukutani kupumzika, baada ya siku mbili au tatu anataga, anarudi kuuma tena. Akimuuma mtu mwenye vijidudu vya malaria ndipo anavichukua. Navyo haviko tayari mara moja. Vinatoboa tumbo lake, vinazaana kwenye ukuta wa tumbo, halafu vinakwenda kwenye tezi za mate. Ronald Ross aliona vijidudu hivyo tumboni mwa mbu kule India mwezi wa Agosti 1897. Katika joto la kawaida kazi hiyo inachukua siku kumi hadi kumi na nne hivi. Baridi ikiongezeka inachelewa, na joto likishuka chini ya digrii 16 hivi vijidudu vya malaria yetu kali havimalizi safari. Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, usiku wa Juni na Julai sote tunaujua, hata blanketi mbili hazitoshi. Mbu anaishi kwa majuma machache tu. Wakati ule wengi wanakufa wazee bila kuwa na kitu mateni.

Habari ya mji wetu ni hii. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja Mbelgiji, Ignace Vincke, aliwachunguza mbu wa Elisabethville na kandokando. Katika vijito vya msituni, mahali pa baridi na kivuli, alikamata Anofelesi wa aina nyingine, dureni, na ndani ya tezi za mate akakuta vijidudu vya malaria. Ajabu, kwani pale watu hawakai. Alipoangalia damu iliyokuwa tumboni mwa mbu hao, haikuwa ya mtu, ilikuwa ya wanyama wa jamii ya panya. Basi akaanza kuwatafuta panya wa msituni. Mwaka 1948, upande wa Kisanga, yeye na mwenzake Marcel Lips walikuta ndani ya damu ya panya wa vichakani malaria ambayo ilikuwa haijajulikana na mtu yeyote duniani. Waliiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya profesa Louis van den Berghe. Haimpati mtu. Lakini inampata panya mweupe wa maabara, na hapo wataalamu wa nchi zote wakafurahi, maana tangu siku hiyo waliweza kuchunguza malaria bila kumtesa mtu.

Kwanza ilikuwa shida. Katika maabara zao zenye joto, vijidudu havikukua ndani ya mbu. Walihangaika miaka mingi. Katika miaka ya 1960, Meir Yoeli na Jerome Vanderberg kule New York walionyesha kwamba sababu ni joto: vijidudu vya vijito vyetu vinataka baridi ya vijito vyetu, digrii 19 hadi 21 hivi. Wakiwaweka mbu katika baridi hiyo, kazi inakwenda. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake walitumia vijidudu hivyo vya Katanga, wakavidhoofisha kwa mionzi, wakaviingiza katika panya, na panya wakapata kinga. Njia iliyoanzia pale ndiyo iliyofika kwenye chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa watoto mwaka 2021, na mwaka 2024 chanjo ya malaria ikaanza kutolewa kwa watoto wadogo katika nchi yetu. Moja ya koo za vijidudu hivyo, iliyotoka kwa mbu waliokamatwa huku katika miaka ya 1960, inatumika mpaka leo duniani pote kwa jina la ANKA. AN ni Antwerpen, mji wa Ubelgiji. KA ni Kasapa. Ndiyo, Kasapa hii hii, tunayopita na basi.

Hatukuandika haya ili tujivune tu, ingawa tunajivuna kidogo. Tunataka muone jinsi Vincke alivyofikiri. Hakuuliza "mbu wako wapi?" Aliuliza: mbu huyu ni nani, amezaliwa katika maji gani, amekunywa damu ya nani. Kama na sisi tungeuliza hivyo mwezi wa Novemba, daftari letu la majina ya waliokimbia salongo lingekuwa tupu.

Wakubwa wa zamani nao walikosa kwa namna yao. Elisabethville ilipojengwa, serikali ya wakoloni iliweka uwanda mtupu kati ya mji wa wazungu na cité ya Waafrika, ile ambayo sasa ni Kamalondo. Waliuita zone neutre. Walisema mbu hawezi kuruka mbali hivyo, basi malaria ya Waafrika haitafika kwa wazungu. Walipima mwendo wa mbu, lakini mbu hajali rangi, na dimbwi likiwa ndani ya lupangu la mzungu mwenyewe, uwanda unasaidia nini? Mpishi na mlinzi walilala kule kule. Sisi tunaona uwanda ule ulikuwa na sababu nyingine, na mbu alipewa lawama tu.

Ng'ambo ya mpaka walifanya kazi bora zaidi, ijapokuwa shabaha yao ilikuwa shaba. Huko Luanshya, katika mgodi wa Roan Antelope, wafanyakazi walikufa na malaria hata watu wakaogopa kwenda kuandikwa kazi. Mwaka 1929 aliitwa Malcolm Watson, daktari aliyefanya kazi hiyo katika Malaya. Hakuanza na dawa peke yake. Walikata majani kwenye kingo za mto Luanshya ili maji yakimbie, walichimba mifereji kukausha mabwawa, walimwaga mafuta juu ya maji yaliyobaki, waliweka wavu madirishani, waligawa kinini na vyandarua. Kwa miaka mitatu hadi mitano malaria ilishuka kwa asilimia 70 hadi 95. Mufahamu pia: mgodi ulikuwa na fedha na watu wa kulipwa kila siku. Walipoacha, majani yangerudi tu.

Kwa hiyo hatutaki kuwadanganya kwamba kufukia mashimo kutaimaliza malaria ya Lubumbashi. Nchi yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa hesabu ya wagonjwa. Katika kila wagonjwa mia wa dunia nzima, zaidi ya kumi ni Wakongomani. Kazi ya kufukia inafaa pale ambapo maji ni machache, yanajulikana, yanafikika. Ndani ya uzio wetu ni hivyo. Tumeyahesabu: mashimo matatu ya matofali, njia ya lori karibu na lango, na kisima kimoja cha zamani kilichoota matete nyuma ya nyumba ya mlinzi. Bondeni kwa mama zetu si hivyo. Hatuwezi kwenda kufukia visima vya mtu anayelipa nacho minerval ya mtoto wake, labda huyo mtoto anakaa nasi darasa moja. Kilichowezekana tulikifanya, tulikwenda kuwasalimu na kuwaonyesha vijiti vinavyolala juu ya maji. Mama mmoja alituambia: "Banangu, mimi naona hii kila siku, nilizania ni bichafu tu." Akaitoa majani siku ile ile. Kisima kinachotekwa kila siku na kisicho na majani pembeni kinampa funesti nafasi ndogo.

Mustikeri inabaki silaha ya kwanza, na hapa tuna la kusema juu ya dortwari. Gambie na funesti wanauma usiku, zaidi saa za usiku mkubwa mpaka karibu na mapambazuko, tena ndani ya nyumba. Mustikeri yenye dawa haimzuii tu, inamuua au inamfukuza. Pigeni hesabu: mbu anauma kila baada ya siku mbili au tatu, na toka aliposhika vijidudu anahitaji siku kumi au zaidi kabla ya kuwa wa hatari. Ni lazima atafute damu mara nne au tano hivi, na kila mara ahatarishe maisha yake. Kama kila kitanda kina mustikeri ni wachache watakaofika umri huo. Kama vitanda vitano tu vinayo, atakula kwenye vile vingine, azeeke kwa amani. Kwa hiyo mwenye kuikunja yake kwa sababu ya joto hajiumizi peke yake. Na yule aliyeifunga kwenye goli la uwanja wa mpira, tunamjua. Airudishe kimya kimya, hatutaandika.

Wale walio kwenye kilio usiku kucha wamekaa nje kuzunguka mbabula, hao mustikeri haiwasaidii. Moshi unasaidia kidogo. Suruali ndefu na soksi zinasaidia zaidi, sababu Anofelesi anapenda kuuma chini, kwenye miguu na vifundo.

Liko neno moja lililotuuma kuliko mbu. Tulisema mbu anavichukua vijidudu kwa mtu. Mtu huyo ni nani katika internati? Si lazima awe yule anayetetemeka kitandani. Mtu mkubwa aliyeumwa malaria mara nyingi anaweza kutembea na vijidudu katika damu bila homa, akacheza mpira, akaimba kwaya. Wengine tunajua tulianza dawa, siku ya pili homa ikashuka, vidonge vilivyobaki tukaviweka kwenye valisi "kwa siku nyingine", au tukampa rafiki. Dawa ya siku tatu ni ya siku tatu, mpaka ya mwisho. Hatuwezi kujua damu iliyomfikia ndugu yetu wa mwaka wa kwanza ilitoka kwa nani. Lakini alilala kati ya vitanda vyetu sisi makapita wawili, na sote wawili tulikuwa na vidonge kwenye valisi. Tulivihesabu siku alipopelekwa hospitali.

Tumekwenda kwa Bwana Prefe na kumweleza. Ametukubalia tubadilishe salongo. Mifereji itasafishwa mara moja kwa mwezi, na wa kwanza kushika jembe watakuwa wakubwa. Matofali yaliyovunjika, yale yaliyorundikwa karibu na tanuru, yatatupwa kwanza shimoni, halafu udongo juu, tena juu kuliko uwanja, kwa maana utashuka ukilowa. Njia ya lori itajazwa mawe. Shimo la tatu ni kubwa mno kwetu mwaka huu. Hilo tutalichimbia mfereji wa kutoa maji, na kila juma mtu mmoja atahakikisha limekauka kabisa, kwa sababu mtoto wa mbu hawezi kukua bila maji. Nyuma ya ukuta wa mashariki kuna shimo la jirani yetu mpiga matofali. Tulizungumza naye. Alisema anaogopa tukilifukia atachimba wapi mwezi wa Mei, tukapatana kwamba tutamtolea maji tu, naye atatuazima toroka.

Jumamosi hii, baada ya uji. Mwenye jembe alete jembe, mwenye ndoo alete ndoo. Mwaka wa kwanza na wa pili wanaweza kulala. Mwaka wa sita tutaanza, kwani shimo lile tulilichimba sisi.

Makapita wa internati, mwaka wa sita